Dubu Waliorushwa Mapema

Ukiingia kwenye uwanja wetu wa hoki ya barafu hapa Kolvin, inua macho juu ya goli la upande wa mashariki. Pale kwenye vyuma vya paa utamwona dubu wa kuchezea, wa kahawia, ananing'inia kwa mguu mmoja na jicho moja limemtoka. Mgeni akiuliza alifikaje huko, watu humtuma kwangu. Wanajua sitamdanganya sana. Chumvi nitatia, ndiyo, lakini kidogo tu, ile ya kuzuia habari isioze.

Mimi ni Metro Kowbel. Maisha yangu yote nilikuwa fundi wa maghala ya ngano, na tangu nistaafu kazi yangu ni mlango. Usidhani ni mlango wowote. Ni mlango wa kizimba. Mchezaji wetu akimkwatua mtu, refa anamtoa kwenye barafu akakae kizimbani dakika mbili, na wenzake wanabaki pungufu. Mimi ndiye namfungulia aingie, na dakika zikiisha namfungulia atoke. Silipwi ila kahawa, tena iliyopoa. Lakini jimbo zima la Saskatchewan, hapa Kanada, hakuna kiti kama changu. Niko katikati ya uwanja, wachezaji wananipita puani, na benchi letu liko ng'ambo ya pili, kwa hiyo tunatazamana na kocha kama watu wanaodaiana mke.

Timu yetu inaitwa Bata Bukini. Aliyechagua jina hilo ama hakuwa na akili ama alizidisha, maana ndege yule huondoka hapa baridi ikianza tu, na baridi ikianza ndipo msimu wa hoki unapoanza.

"Na ushindi anaondoka nao," husema rafiki yangu Bohdan. Huyu huketi nyuma ya kizimba changu, na sauti yake wanaisikia mpaka jimbo la jirani, Manitoba. Hawajawahi kushukuru.

Wachezaji wetu ni vijana wadogo, wa kwanza hajamaliza shule na wa mwisho ana miaka ishirini. Wanatoka makwao, wengine mbali sana, wanakuja kukaa majumbani mwetu, kila nyumba na kijana wake. Tunawalisha, tunawaamsha waende shule, tunawagombeza wakiacha taulo sakafuni. Kazi moja tu tumemwachia kocha, kuwachezesha. Hapo ndipo balaa lilipo.

Kocha Lorne Fitch ana imani yake kwamba kijana aivishwe polepole. Anawapanga benchini kama matango kwenye siki, halafu anawachezesha walewale wakubwa ambao msimu ukiisha wanaondoka. Sisi watazamaji tumepiga kelele hadi tumepata maradhi ya koo. Kuna kijana mmoja aliivishwa hapo benchini mpaka akaota ndevu. Siku alipoingizwa uwanjani wenzake walimpa pole wakidhani ni mzee amepotea njia ya chooni. Mwingine alikuwa kipaji hasa, Fitch akamwachia timu ya Redvale, tukapewa beki mwenye goti bovu na mashine ya bisi. Leo kijana huyo anacheza kwenye ligi kubwa, tunamwona kwenye televisheni, na tunamtazama huku tunatafuna bisi za ileile mashine. Bisi ni nzuri. Siwezi kusema uongo.

Mke wangu Verna amelea wengi wa namna hiyo. Mlango wa friji yetu umejaa picha zao hadi kushika mpini ni kazi. Kila mmoja alikuja na begi, akakaa benchini, akafungashiwa begi, akaenda kuchanua kwa watu wengine.

Mwaka huo tulimpata Dallas Merasty, wa miaka kumi na saba, Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa kaskazini kabisa, kule ambako barabara yenyewe ni ziwa likishaganda. Alijifunza hoki kwenye ziwa hilo. Ukikosea kupiga kile kisahani cheusi tunachokimbizana nacho kwa magongo, huko kwao hakuna ukuta wa kukizuia. Unakifuata hadi wilaya nyingine. Ndiyo maana Dallas hakosei. Ana haya, anakula kama mashine ya kuvuna, na ana miguu ambayo sijawahi kuiona. Asubuhi moja alikuwa anateleza kwenye kidimbwi chetu nyuma ya ghala, sungura akakatiza mbio. Dallas akamzunguka. Akamzunguka tena. Sungura akakaa chini kutafakari kama alichagua kazi sahihi.

Huyo ndiye Fitch alimweka mwisho wa benchi, karibu na chupa za maji, tangu Septemba. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wenzake kijilango cha benchi wanapopokezana. Nyumba yetu ikawa na wafungua milango wawili.

Sasa nije kwa dubu. Kila Desemba huwa na mechi ambayo kila mtu anakuja na dubu wa kuchezea. Timu ya nyumbani ikipata bao la kwanza, watu wote wanawarusha barafuni kwa mpigo, kisha dubu wanakusanywa na kupelekewa watoto waliolazwa hospitali, wapate cha kukumbatia Krismasi. Miji yote yenye timu hufanya hivyo. Shida yetu ilikuwa moja tu. Bao lenyewe.

Mechi ya dubu tulifungwa bila kujibu. Watu wakarudi nao nyumbani. Uongozi ukasema basi, mechi ijayo. Ikaja, tukafungwa bila kujibu. Ikaja nyingine, vilevile. Dubu wakaanza kutuzoea. Wa Bohdan alikuwa anapanda pikapu kiti cha mbele, kafungwa mkanda, na Bohdan alimpa jina Boris akawa anabishana naye siasa njia nzima. Wa Verna alikuwa wa kahawia, mkubwa, ana kiti chake mezani. Mikono ya mji mzima ilikuwa inawasha.

Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho, Dallas alirudi mazoezini akakaa mezani na hakugusa pirohi. Pirohi za Verna, vile vimfuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, vikakaangwa na vitunguu! Nilidhani anaumwa.

"Nini, mwanangu?" Verna akauliza.

"Kocha kasema Jumapili ndiyo mwisho kabla ya Krismasi. Kama sina hata bao moja, nirudi nyumbani. Kuna mtu wa miaka ishirini anakuja kuchukua nafasi yangu."

"Bao utalifungaje na umekaa?" nikasema.

"Ndivyo nilivyomwuliza, babu."

"Akajibuje?"

"Akasema ni swali zuri. Nilifikirie nikiwa benchini."

Nikacheka, kisha nikaona macho ya kijana nikaacha kucheka. Kwao walikuwa wamechangishana kumnunulia viatu vya kutelezea. Bibi yake alimpigia simu kila Jumapili kuuliza amefunga mangapi, na kila Jumapili Dallas alimwambia leo barafu haikuwa nzuri.

Verna aliweka kijiko chini. Mke wangu si mtu wa makelele. Akikasirika, anakuwa mpole kuliko kawaida, na hapo ndipo mimi hutafuta kofia yangu.

"Nimefungasha mabegi ya watoto wa watu mpaka vidole vimeota sugu," alisema polepole. "Hili silifungashi."

"Nitalifungasha mwenyewe, bibi," Dallas akasema.

"Utakula kwanza."

Kimya kikaingia, na mimi kimya hunitoa jasho. Kwa hiyo nikaanza porojo zangu za kizimbani. Nikasema, mnajua refa amechoka na dubu wetu? Ametoa onyo: dubu yeyote akitua barafuni kabla ya bao, ni kosa la timu nzima, dakika mbili. Na kosa la timu nzima ni kitu cha ajabu, maana halina aliyelifanya. Basi inabidi kocha achague mtu wa kwenda kukaa kizimbani badala ya wote.

"Humchagua nani?" Verna akauliza.

"Yule asiyemhitaji."

Verna akakitazama kijiko chake. Akakichukua tena.

"Kula, Dallas," akasema. "Zinapoa."

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Nilipiga chafya kwenye maegesho nikasikia kitu kikivunjika, na mpaka leo sijui ni nini. Wageni walikuwa Fahali wa Redvale, haohao wa mashine ya bisi. Nilifika mapema nikapaka bawaba za mlango wangu mafuta ya bata tuliyembakiza kwenye friji. Usinitazame hivyo. Mlango ulikuwa unalia kila ukifunguliwa, uwanja mzima unageuka. Fundi hawezi kuvumilia kitu kinacholia.

Kabla ya kuanza, mtangazaji alirudia onyo la refa. "Tafadhali, dubu wabaki mikononi mpaka bao. Mpaka bao, ndugu zangu."

"Basi tuwarithishe wajukuu!" Bohdan akapaza.

Kipindi cha kwanza tukafungwa bao moja. Cha pili, jingine. Fitch aliwapokezanisha walewale, wakubwa wake, wakiongozwa na nahodha Brock, kijana mzuri lakini alikuwa amechoka tangu Oktoba. Dallas alikuwa mwisho wa benchi, anafungua kijilango, anafunga kijilango.

"Fitch!" Bohdan alinguruma juu ya kichwa changu. "Mtoe mtoto kwenye friji! Ataharibika!"

"Amefungiwa kwenye chupa!" mtu mwingine akadakia. "Mpaka afikishe sitini!"

"Wewe Fitch, una mayai? Yaatamie, usiyachemshe!"

Fitch akajifanya anasoma paa.

Mara Brock akapata nafasi. Kipa wa Redvale kalala huku, goli liko wazi kule, hata mimi na magoti yangu ya baridi yabisi ningefunga. Brock akapiga. Kisahani kikagonga mwamba, tiiing! kikarudi.

Na sauti ile ikiwa bado hewani, dubu mkubwa wa kahawia akapaa kutoka safu ya nne upande wa mashariki.

Nilimtambua. Nilikuwa nimekula naye kifungua kinywa.

Sasa fikiria. Nusu ya watu walikuwa wamejipanga dirishani kununua kahawa na pirohi, wameupa uwanja mgongo. Wakasikia tiiing, wakageuka, wakaona dubu yuko hewani. Wiki nzima na wiki nyingine juu yake wamemlea dubu wakimngojea bao. Nani angeuliza maswali? Wakarusha. Waliokuwa wameketi wakaona wenzao wanarusha, wakajiona wajinga kuukosa utamu, wakarusha. Paa likatoweka. Dubu weupe, weusi, wa waridi, panda mmoja, na kitu ambacho mwenyewe aliapa ni dubu ingawa kilikuwa na mkonga. Kipa wa Redvale alifunikwa, likabaki gongo lake likipunga hewani kama mtu anayezama. Refa alipuliza kipenga mpaka mashavu yakamwisha. Na dubu wa Verna, aliyerushwa wa kwanza, hakushuka kabisa. Alinasa kwenye vyuma vya paa, akatutazama kwa jicho moja.

Kisha kelele zikapungua, na watu wakautazama ubao wa matokeo. Sifuri yetu ilikuwa palepale.

"Si bao?" Bohdan akaniuliza kwa sauti ndogo. Sikujua kama anayo sauti ndogo.

"Si bao."

"Mungu wangu. Nimemtupa Boris bure."

Ilichukua muda mrefu kuwakusanya. Wachezaji wa timu zote mbili waliwabeba kwa mafungu, wakajazwa kwenye magunia, yakajazwa kwenye lori la hospitali, nalo likaondoka. Boris alienda kuwafaa wagonjwa. Refa akaja katikati, akanyoosha mkono kwenye benchi letu. Dakika mbili, timu nzima.

Fitch akatazama benchi lake kuanzia huku hadi kule. Alimpita Brock, akawapita wakubwa wote, anawahitaji. Jicho likaishia kwenye chupa za maji.

"Merasty! Nenda ukakae!"

Dallas akavuka barafu taratibu kuja kwangu. Nikamfungulia. Mlango haukutoa hata mkwaruzo. Fitch akaweka mikono mdomoni akapaza sauti kutoka ng'ambo:

"Zikiisha, rudi benchini moja kwa moja! Usiguse kitu!"

Dallas akaketi kando yangu. Kwenye barafu wenzake wanne wakaanza kuhangaika na watano wa Redvale.

"Karibu," nikamwambia.

"Asante, babu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka uwanja huu mechi haijaisha."

"Umeuonaje?"

"Unateleza."

Nikamwekea mkono begani. Tukatazama. Kipa wetu alizuia kwa mguu, akazuia kwa kifua, akazuia kimoja kwa makalio, sijui kama alikusudia.

"Aliyerusha wa kwanza ni bibi," Dallas akasema, macho mbele.

"Mimi sijaona kitu. Natazama mlango."

"Babu, kocha kasema nirudi benchini."

"Nimesikia. Hata Manitoba wamesikia."

"Nifanyeje?"

Hapo ndugu yangu ningeweza kutoa hotuba. Nilikuwa nayo, nzuri, ya tangu enzi za maghala. Lakini saa ilikuwa inakwenda.

"Mimi kazi yangu mlango," nikasema. "Lakini benchi liko kule, wewe uko huku, na katikati kuna barafu yote hiyo. Lazima uipite. Sasa mtu akikuta kitu njiani mwake, akikiokota, nani atamlaumu?"

Akanitazama mara moja. Akavaa glavu.

Sekunde za mwisho nikashika komeo. Redvale walikuwa wote wamejazana kwenye goli letu kama nzi kwenye jamu, hata mabeki wao wamepanda. Brock, ulimi nje, akakipata kisahani miguuni mwake. Hakutazama. Alikipiga tu kiende zake, popote, mbali na yeye. Na saa ikafika, nikavuta.

Siku nyingine mlango wangu ungelia, beki wa Redvale angegeuka, angeona mtu anatoka. Siku hiyo ulifunguka kimya kama friji ya mtu aliyekatazwa kula. Hakuna aliyegeuka. Kisahani kikaja kikiserereka mpaka katikati ya uwanja, na Dallas alikuwa anaenda zake benchini, na kisahani kilikuwa njiani mwake. Naapa kilikuwa njiani mwake, ukikubali kwamba njia inaweza kupinda kidogo.

"Benchi!" Fitch alipiga ukelele. "Benchi, Merasty!"

"Goli, Merasty!" Bohdan akajibu.

Mara ya mwisho kuona mbio zile, sungura alikata tamaa. Mabeki wa Redvale waligeuka, wakakimbiza hatua chache za heshima, wakaacha. Kipa akatoka. Dallas akaegemea kulia kama anayetaka kumnong'oneza kitu, kipa akaenda kulia kusikiliza, Dallas akaenda kushoto. Akakiweka kisahani wavuni taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani.

Uwanja haukulipuka. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hunibishia. Ulinyamaza. Kila mtu alinyanyua mkono kurusha, akaukuta mtupu. Bao la kwanza la nyumbani, Desemba, na dubu wote wako kwenye lori njia ya hospitali! Watu wakatazamana kwa aibu, kama wamealikwa harusini wakasahau zawadi.

Bohdan akavua kofia yake ya manyoya, akaitazama kwa huzuni, akairusha.

Basi. Zikafuata kofia, glavu, mitandio, blanketi, ufagio, sufuria ya holubtsi, ile nyama na wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, na meno ya mtu, ya juu, yaliyoteleza yakicheka hadi katikati. Halafu mabuti. Buti jekundu lenye manyoya meupe lilitoka juu kabisa, likapita karibu na sikio la Fitch hadi nikaona nywele zake zikilala upande. Verna alirusha lake la kushoto. Refa alikaa juu ya ukuta akaweka kipenga mfukoni. Baada ya bao, ni halali.

Ungedhani kocha angefurahi. Dallas alipofika benchini, uso wote meno, tulimsikia Fitch hadi huku:

"Nilikwambia moja kwa moja! Nilikwambia usiguse kitu!"

Akamwelekeza kwa kidole. Mwisho wa benchi. Chupa za maji.

Kipindi cha tatu, cha mwisho, kikaanza, na Brock na wenzake wakaingia, na Dallas akawa anafungua kijilango, anafunga kijilango. Bohdan hakusema kitu. Hiyo ndiyo ilinitisha. Uwanja mzima watu wamekaa kila mmoja na buti moja, soksi nyingine inatoa mvuke.

Ndipo Verna akasimama, safu ya nne. Akainama. Akavua buti la kulia. Hakulirusha. Alilinyanyua tu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akasimama hivyo kwa soksi zake za sufi, mpole kabisa, anamtazama Fitch.

Jirani yake akamwona, akainama. Kisha safu nzima. Kisha upande ule, kisha upande huu, kisha nyuma yangu nikasikia Bohdan anahema akipambana na kamba. Muda si muda kila mkono ulikuwa na buti juu.

Refa akasimamisha mchezo, akateleza hadi kwa Fitch. Walichosema aliniambia mwenyewe baadaye, na yeye si mtu wa chumvi.

"Lorne, wakirusha hayo sasa, ni dakika mbili."

"Hawawezi."

"Watazame."

Fitch akawatazama.

"Kisha watatulia?"

"Kisha watavua soksi."

Fitch akageuka akatazama ng'ambo, kwangu. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa kizimba wazi kabisa na nilikuwa napangusa kiti kwa leso. Unaweza kupangusa kiti wakati wowote, hakuna sheria inayokataza. Alinitazama mimi, akatazama kiti, akatazama mabuti. Nadhani alipiga hesabu yake akaona kijana ataingia uwanjani vyovyote vile, kama si kwa mlango wake, basi kwa wangu.

Akatembea hadi mwisho wa benchi na akamgusa Dallas begani.

Mabuti yakashuka, yote kwa pamoja, na kelele iliyofuata ilipasua dirisha la ofisi. Uongozi unasema ni baridi.

Tulifungwa nne kwa mbili. Usitegemee miujiza, sisi bado ni Bata Bukini. Lakini bao la pili Brock alilifunga kwa pasi ya Dallas, na hakumwona mtu aliyemletea kisahani mpaka alipokwisha kufunga. Baada ya mechi Fitch alipita karibu na Dallas koridoni, akasema bila kusimama, "Bao moja ni bao moja. Mazoezi tarehe ishirini na saba." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizompa.

Nyumbani Dallas alimpigia bibi yake mwenyewe, hakungoja simu. Sikuelewa Kikrii walichosema ila kicheko cha yule bibi, kilichotoka kwenye simu kikajaza jiko. Begi alilokuwa amelifungasha lilikuwa kando ya mlango. Verna akalifungua, akamwaga nguo kitandani, akalijaza mabuti yaliyookotwa barafuni ili watu waje kuchukua yao.

"Ulikusudia?" nikamwuliza tukiwa wawili.

"Mkono uliteleza," akasema.

"Safu nne zote?"

"Leta lile jingine la kijivu, Metro, usisimame tu kama mlango."

Watu walikuja siku mbili, mmoja mmoja, wakachukua mabuti yao. Mwenye meno alikuja pia, tukamtambua kabla hajasema kitu. Mwishowe likabaki moja tu, lile jekundu lenye manyoya meupe. Mji mzima hakuna aliyelidai. Tulilitundika barazani.

Jumanne alasiri mlango ukagongwa. Nilipofungua, alikuwa Marlene Fitch, mke wa kocha, kajifunga mtandio hadi puani.

"Metro," akasema, anatazama huku na huku barabarani. "Nimesikia mna buti."

Nikamshushia. Akaliweka chini ya koti lake haraka.

"Usimwambie Lorne."

"Mimi? Mimi natazama mlango tu."

Dallas alikuwa kidimbwini nyuma ya ghala. Kutoka barazani tulisikia gongo lake likigonga kisahani, tak, tak. Marlene akasikiliza kidogo.

"Baada ya sikukuu, ile mechi ya kwanza," akasema, "atacheza?"

"Hilo muulize mumeo, shemeji."

"Nimemwuliza. Kasema atafikiria." Akaligusa buti juu ya koti. "Ndiyo maana nimelifuata."